Akiba Huliwa Mwaka wa Neema: Fedha za Kigeni za Tanzania Tangu 1966

Mhadhara uliotolewa mjini Moshi mbele ya walimu, wanaushirika na wanafunzi

  

 Nimefurahi kwamba tunazungumza tukiwa Moshi. Mnada wa kahawa uko hapa, na kahawa ndiyo iliyoijaza akiba ya nchi hii kuliko zao lolote katika miaka ishirini ya kwanza ya Uhuru. Wamo humu ukumbini watu walioichuma kahawa hiyo, kwa hiyo nitakayoyasema kuhusu miaka ile nitayasema kwa adabu, na wakiona nimeteleza wanisahihishe wakati wa maswali.

Kusudi langu ni kueleza safari ya akiba yetu ya fedha za kigeni tangu Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango yake Juni 1966, na kupitia safari hiyo kutetea jambo moja. Tumezoea kuamini kwamba akiba ya nchi humalizwa na miaka ya shida: vita, ukame, mafuta kupanda bei. Historia yetu yenyewe haisemi hivyo. Mara kubwa kuliko zote tulipofilisika fedha za kigeni, shida ilipobisha hodi ilikuta akiba imekwisha kuondoka. Ilikuwa imeondoka mwaka mzuri, mchana kweupe, kwa maamuzi ambayo wakati ule yalionekana ya busara. Nina hoja nne. Ya pili ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, na naomba mnivumilie hapo.

Hoja ya kwanza: Akiba ya nchi hupimwa kwa miezi

Tukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba akiba imefika dola bilioni tano, wengi tunawaza chumba chenye kufuli kilichojaa noti. Haiko hivyo. Sehemu kubwa ya akiba imo katika amana kwenye benki za nje na katika hatifungani za serikali za nchi kubwa. Nyingine ni haki maalumu za kuchukua fedha (SDR) tulizogawiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na nyingine ni dhahabu. Yote hayo yanamilikiwa na kusimamiwa na Benki Kuu, na sifa yake ya kwanza ni kwamba yanaweza kugeuzwa malipo upesi.

Kiasi chenyewe hakituambii mengi. Dola milioni 500 zingekuwa utajiri mwaka 1970, na leo ni za wiki chache tu. Ndiyo maana wachumi hugawa akiba kwa gharama ya mwezi mmoja ya kuagiza bidhaa na huduma kutoka nje. Jibu linalopatikana ni miezi: ikiwa kesho hatuuzi hata gunia moja la kahawa wala hatupati mtalii hata mmoja, tutaendelea kuagiza mafuta, dawa, ngano na vipuri kwa muda gani? Lengo letu la kitaifa ni miezi isiyopungua minne. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika itifaki ya umoja wa fedha iliyosainiwa Kampala mwaka 2013, zilikubaliana miezi minne na nusu. Walimu wa sekondari, hesabu hii inafaa darasani. Tarakimu zote zimo katika taarifa ya uchumi inayotolewa na Benki Kuu kila mwezi, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuigawa mwenyewe.

Lipo swali ninaloulizwa kila ninapozungumzia jambo hili, nami nililijibu kwa mzee mmoja pale mlangoni kabla hatujaanza: kama fedha zipo, kwa nini zisijenge barabara na zahanati? Swali hili lina uzito, na wanaoliuliza wana haki ya kupata jibu kamili.

Tufuate dola moja. Mkulima wa Kibosho anatoa kahawa yake, inauzwa mnadani, na mnunuzi wa Ujerumani analipa kwa dola. Msafirishaji anaipokea dola hiyo katika benki yake, lakini wakulima na wapagazi wanataka shilingi. Anaiuza dola kwa benki, anapata shilingi, analipa. Benki ikiwa na dola nyingi kuliko wateja wanaozihitaji, inaiuzia Benki Kuu, nayo Benki Kuu inailipa kwa shilingi. Hapo ndipo dola inapoingia katika akiba. Maana yake ni kwamba shilingi za dola hiyo zimekwisha kutoka, ziko mifukoni, zimelipa ada za shule na mbolea. Serikali ikiichukua dola ile ile bila kuilipia, ikaigeuza shilingi kwa ajili ya barabara, shilingi zitakuwa zimetoka mara mbili kwa dola moja, na tutaiona tofauti hiyo katika bei ya unga. Serikali ikitaka dola za kununulia mitambo, inaweza kuzinunua kwa shilingi za kodi. Hilo ni halali na linafanyika kila siku.

Jambo la mwisho katika hoja hii. Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli kuhusu mambo ya nyumbani, lakini akiba ya taifa huweza kuoza ikiwa imekaa kwenye chombo kisichoifaa. Kabla ya 1966 fedha yetu ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, na dhamana yake ilikuwa pauni za Uingereza zilizowekwa London. Benki Kuu yetu ilizaliwa katika mazoea hayo. Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni kwa zaidi ya asilimia 14. Sisi, Kenya na Uganda hatukushusha shilingi zetu. Nchi zilizokuwa zimeweka akiba kwa pauni, yetu ikiwamo, ziliamka zikikuta sehemu ya jasho lao imepungua thamani bila wao kununua chochote. Kuanzia hapo swali la akiba iwekwe kwa fedha ipi likawa swali la kisiasa pia, na mtaona mwishoni kwamba limerudi kwa sura ya dhahabu.

Hoja ya pili: Tulifilisika katika mwaka wa kahawa

Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazili, hasa katika jimbo la Paraná. Mbuni hauoti kwa siku moja. Dunia ilijua kwamba kwa miaka kadhaa kahawa ingekuwa chache. Bei ikaanza kupanda, na mwanzoni mwa 1977 ikafika zaidi ya dola tatu kwa ratili, kiwango ambacho hakuna aliyekuwa amekiona.

Kumbukeni tulikuwa tumetoka wapi. Miaka ya 1973 na 1974 ilikuwa ya ukame na ya mafuta kupanda bei, na nchi ikalazimika kuagiza chakula kingi. Kati ya mwisho wa 1973 na mwisho wa 1974 akiba ilishuka hadi kama theluthi moja ya ilivyokuwa, ikabaki takriban dola milioni 50. Kisha kahawa ikaja. Mwishoni mwa 1976 akiba ilizidi milioni 110. Mwishoni mwa 1977 ilikuwa takriban milioni 280, ya kutosha miezi minne na zaidi ya uagizaji wa wakati ule. Kwa nchi changa, iliyokuwa imeshuhudia Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika mwaka huo huo, hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Ndipo likaja neno kwamba akiba ni nyingi mno. Benki ya Dunia na IMF zilishauri kwamba fedha zisilale, na kwamba vizuizi vya uagizaji vilegezwe. Ndani ya nchi pia hamu ilikuwepo, na tusiwasukumie wageni peke yao. Viwanda vilitaka vipuri. Wananchi walikuwa wamevumilia uhaba tangu 1974. Leseni za kuagiza zikatolewa kwa mkono mkunjufu. Uagizaji uliokuwa kama dola milioni 750 mwaka 1977 ukapita bilioni moja mwaka 1978. Bei ya kahawa, wakati huo huo, ilikuwa imekwisha kugeuka na kuanza kushuka.

Sasa angalieni tarehe. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Kufikia Desemba mwaka huo akiba ilikuwa imeshuka hadi takriban dola milioni 100. Vita vilikuwa na miezi miwili tu. Gharama yake kubwa, ambayo kwa jumla inakadiriwa kufika dola milioni 500, ilikuja 1979, pamoja na kupanda kwa pili kwa bei ya mafuta kulikoletwa na mapinduzi ya Irani. Mwishoni mwa 1980 tulibaki na takriban dola milioni 20. Zigawanyeni kwa uagizaji wa mwaka ule: hazikutosha wiki moja.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu katika vitabu vyetu vya shule maelezo huanza na vita, na watoto wetu hukua wakidhani kwamba Amin ndiye aliyekula akiba ya Tanzania. Amin alitugharimu damu na mali, na vita vile vilikuwa vya haki. Sina neno juu ya hilo. Lakini nchi yenye miezi minne ya akiba inaweza kupigana vita vya miezi sita na bado ikazungumza na wakopeshaji ikiwa imesimama. Sisi tulienda vitani miezi minne yetu ikiwa imekwisha kutumika. Tulikwenda kwa wakopeshaji tukiwa tumepiga magoti, na mazungumzo ya aliyepiga magoti tunayajua.

Mnayajua kwa sababu mwana wa mlima huu wa Kilimanjaro alikuwa katikati yake. Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alikuwa Waziri wa Fedha IMF ilipotaka shilingi ishushwe thamani. Yeye aliona kwamba tufikie makubaliano. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais, alikataa, na mwishoni mwa 1979 Mtei akajiuzulu. Siku ya Mwaka Mpya wa 1980 Mwalimu aliwahutubia mabalozi na kuhoji ni lini IMF iligeuzwa kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Mimi nawaheshimu wote wawili. Mwalimu alikuwa sahihi kwamba mkopeshaji hana haki ya kutupangia aina ya taifa tunalolijenga. Mtei alikuwa sahihi kwamba shilingi ya wakati ule haikuwa na thamani iliyoandikwa juu yake. Kilichowatenganisha ni kukosekana kwa muda. Kwa miezi minne ya akiba watu wawili wenye nia njema wangebishana mpaka wakapata njia ya tatu. Kwa wiki moja hakuna njia ya tatu.

Kilichofuata wazee wa safu ya mbele mnakijua kuliko mimi. Sabuni, sukari, chumvi na khanga vikawa bidhaa adimu. Foleni kwenye maduka ya kampuni za biashara za mikoa, RTC. Mabasi juu ya mawe kwa kukosa matairi. Magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta, kwa maana mafuta peke yake yalikuwa yakimeza nusu au zaidi ya mapato yetu ya mauzo ya nje. Viwanda vya nguo vilivyojengwa kwa fahari vilifanya kazi chini ya uwezo wake kwa sababu ya rangi na vipuri ambavyo havikuweza kuagizwa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Bidhaa zilizofichwa zilipatikana, lakini msako hauwezi kuzalisha dola.

Na hapa niwaambie jambo linalonigusa kuliko mengine yote katika hadithi hii. Dola zilikuwepo. Shilingi ilipobaki ghali kwa amri, kama 8 kwa dola, mkulima wa kahawa ndiye aliyelipa gharama. Kahawa yake iliuzwa kwa dola, akalipwa kwa shilingi zilizohesabiwa kwa bei ile, baada ya ushuru na makato ya mamlaka ya zao. Vyama vyake vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, katikati ya neema yenyewe. Akafanya alichoweza: baadhi ya kahawa ilivuka mpaka kwenda Kenya, na mashamba mengine yakageukia ndizi, nyanya na mahindi. Kila kilo iliyovuka Tarakea au Holili ilikuwa dola isiyofika Benki Kuu. Mwaka 1984 Waziri wa Fedha Cleopa Msuya alipowaruhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao walizo nazo nje bila kuulizwa walizipataje, maduka yalianza kujaa ndani ya miezi michache. Ilibainika kwamba Watanzania walikuwa na fedha za kigeni nyingi sana, ila zilikuwa zimeikimbia bei ya serikali.

Kwa hiyo ukiniuliza akiba ya taifa inatengenezwa wapi, sitakuonyesha Dar es Salaam wala Dodoma. Nitakuonyesha bei anayolipwa mzalishaji.

Hoja ya tatu: Ipo akiba ya jasho na ipo akiba ya kuazima

Kupanda upya kwa akiba kulichukua karibu miaka ishirini, nami nitapita haraka. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, tulikubaliana na IMF. Dola, iliyokuwa imekwisha kufika kama shilingi 17, ikawa 40 katikati ya mwaka huo, na ikaendelea kupanda. Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 ikaruhusu maduka ya kubadilishia fedha. Soko la mabenki la fedha za kigeni likafuata mwaka 1994. Hata hivyo, Rais Benjamin Mkapa alipoapishwa mwishoni mwa 1995, akiba ilikuwa takriban dola milioni 270, haifiki miezi miwili. Mwaka 2000 ilikaribia bilioni moja. 2003 ikapita bilioni mbili. 2010 ikakaribia nne. 2017 ikakaribia sita.

Nini kilileta mabadiliko hayo? Dhahabu, kwanza: migodi mikubwa ya Nzega, Geita na Bulyanhulu ilifunguliwa kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na 2001, na dhahabu ikaipita kahawa upesi. Utalii, pili. Tatu ni misaada na misamaha ya madeni ya 2001 na 2006. Tukiwa wakweli, sehemu ya tatu hatukuichuma.

Tofauti hii ina maana, na mfano wake mzuri ni wa juzi. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia, mapato ya utalii yalianguka kutoka takriban dola bilioni 2.6 mwaka 2019 hadi kama bilioni 0.7 mwaka 2020. Akiba ikashuka hadi takriban bilioni 4.8. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu bilioni 6.4, na tulishangilia. Lakini ndani ya ongezeko hilo mlikuwa na mkopo wa dharura wa IMF wa dola milioni 567 na mgao wa haki maalumu wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 500, ambao IMF iliwapa wanachama wake wote Agosti 2021. Walimu, mnayakumbuka madarasa ya UVIKO yaliyojengwa kwa mkopo ule. Saruji, mbao na ufundi vililipwa kwa shilingi. Dola za mkopo ule zilibaki upande wa akiba, na deni lake likabaki upande wa pili wa daftari. Sina ugomvi na mkopo huo. Ulikuja kwa riba nafuu na wakati wa haja. Ninachosema ni kwamba atakayesoma tarakimu ya bilioni 6.4 bila kuuliza ni kiasi gani tumekopa atapata picha ya nguvu tusiyokuwa nayo. Mwaka uliofuata, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta, mbolea na ngano, akiba ilirudi hadi takriban bilioni 5.2.

Ningependa kila tangazo la akiba liwe na tarakimu mbili zinazotajwa kwa pamoja: tulicho nacho, na katika hicho tunachodaiwa karibuni. Jirani zetu wa Burundi wametuonyesha bila kutaka jinsi inavyokuwa akiba isipotosha hata mwezi: misururu ya magari kwenye vituo vya mafuta mjini Bujumbura na watu wakitembea kwa miguu kwenda kazini.

Hoja ya nne: Akiba inaweza kuwepo na dola zisipatikane

Wafanyabiashara mlioko hapa, mwaka 2023 uliwaumiza. Benki Kuu ilitangaza akiba ya miezi zaidi ya minne, ilhali ninyi mlikuwa mkizungushwa benki kwa majuma kwa ajili ya dola za kuagizia vipuri na dawa za mifugo. Wengi waliona kwamba wanadanganywa. Naamini tarakimu zilikuwa sahihi, na uchungu wao ulikuwa sahihi pia.

Tangu Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia tano kufikia Julai 2023, na fedha za dunia zikakimbilia huko. Kwetu dola ilikuwa imekaa kwa miaka kwenye shilingi 2,300 na kidogo, na watu walianza kuhisi kwamba bei ile haitadumu. Mwenye dola anayehisi kwamba zitapanda haziuzi. Anayezihitaji miezi mitatu ijayo anazitafuta leo. Hapo uhaba hujizalisha wenyewe, na Benki Kuu ikimwaga akiba sokoni kwa bei ya zamani inamnufaisha aliyefika wa kwanza kwenye foleni. Mwishoni mwa 2023 dola ilikuwa imefika shilingi 2,500, na mwaka 2024 ikapita 2,700 kabla ya shilingi kupata nguvu tena kuelekea Desemba. Bei ilipoachwa isogee, dola zilianza kutoka mafichoni. Kenya walipita njia kama hiyo Februari 2024: dola iliyokuwa imekaribia shilingi 160 za Kenya ilishuka baada ya serikali yao kuonyesha jinsi itakavyolipa hatifungani yake ya dola bilioni mbili iliyokuwa inaiva Juni.

Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Naziunga mkono, maana kodi ya nyumba ya Mikocheni haina sababu ya kudaiwa kwa dola. Lakini mwenye nyumba ataitegemea shilingi kwa moyo pale atakapoona bei yake inasema kweli, na kanuni peke yake haiwezi kumfikisha hapo.

Mbele yetu

Mwenyekiti, ulinitaka niseme tunaelekea wapi.

Tunaelekea, au pengine tumekwisha kuingia, katika mwaka wa neema mwingine. Machi 2025 dhahabu ilipita dola 3,000 kwa aunsi, na Oktoba ikapita 4,000. Sisi ni wachimbaji. Sheria sasa inawataka wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu watenge angalau asilimia 20 kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa nchini, na Benki Kuu inainunua kwa shilingi na kuiingiza katika akiba. Mwaka 2024 utalii uliingiza takriban dola bilioni 3.9. Nusu ya pili ya 2025 akiba ilikuwa imepita bilioni 6.

Nafurahia ununuzi wa dhahabu. Unatupa akiba ya jasho, inayolipwa kwa shilingi zetu, na unamwekea mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya mnunuzi wa uhakika nyumbani, mradi tu alipwe bei ya dunia na alipwe siku hiyo hiyo. Akicheleweshewa au akipunjwa, dhahabu ni nyepesi kuvusha mpaka kuliko kahawa. Na tukumbuke pia kwamba Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 kwa aunsi, kisha ikashuka kwa miaka ishirini hadi ikawa kama dola 250 mwaka 1999. Aliyeweka akiba yake yote humo alisubiri sana.

Kwa hiyo nina maombi, nayo nayapeleka kwa wabunge wetu wa mkoa huu na kwa yeyote mwenye sikio la Serikali. Tuwe na kanuni iliyoandikwa, inayojulikana kabla ya bajeti, kwamba bei ya dhahabu ikizidi wastani wa miaka kadhaa, sehemu ya ziada hiyo inaingia katika akiba na haigeuzwi kuwa leseni za uagizaji wala dhamana ya mikopo mipya. Kanuni hiyo iweke kiwango cha juu cha dhahabu ndani ya akiba. Na ije kabla ya sarafu moja ya Afrika Mashariki, ambayo sasa imepangiwa mwaka 2031, kwa maana siku hiyo akiba zetu zitawekwa mezani pamoja na za majirani, na atakayekuja na miezi mingi ya jasho ndiye atakayesikilizwa katika kupanga masharti ya wote.

Vijana mnaosoma uchumi, ombi langu kwenu ni dogo na linaanza mwezi huu. Chukueni taarifa ya Benki Kuu kila inapotoka. Gawanyeni akiba kwa uagizaji, mpate miezi. Andikeni pembeni bei ya dhahabu, bei ya kahawa mnadani hapa, na bei aliyolipwa mkulima wa Rombo na Hai. Miezi ikianza kupungua wakati bei hizo ziko juu, msingoje vita wala ukame ndipo muulize. Andikeni kwa mbunge, andikeni magazetini, na mkitaka mtu wa kuhakiki hesabu zenu, anwani yangu anayo Mwenyekiti.

 Sasa niko tayari kwa maswali, na naomba tuanze na wazee.